Ng

Rejesta ya kijani ilisema: Ng'ambo, Tabora,
chini ya mtundu, udongo mwekundu, mvua ya pili.
Kompyuta ikasema: Ng.
Basi. Kama mtu aliyepaliwa na ugali.

Nikaandika tena. Ng.
Na mwokotaji, marehemu Ng'wandu,
aliyezunguka na kikapu miaka thelathini
akikausha uyoga juu ya meko ya mkewe,
naye Ng.
Sampuli mia mbili na kumi na nne
zimelala kwenye bahasha za kaki:
aliyeziokota hana jina,
alikoziokota hakuna.

Programu ilitungwa ng'ambo,
ile nyingine, ya herufi ndogo,
ya theluji na mikutano.
Siwasemi vibaya. Wametunga vizuri,
kila kiumbe na kidirisha chake.
Ila kwao ritifaa ni komeo:
ikitokea, maneno yamekwisha, zima taa, tulale.
Hawajawahi kumwita ng'ombe akageuka.

Lakini nyumba waliiacha wazi. Hilo nawapa.
Kila msumari unaonekana,
na kizingitini wameandika:
ukiona panavuja, panda.

Mimi sikuwa na chuo nyuma ya jina langu.
Nilikuwa na laptopu ya mtumba isiyo na herufi P,
bando la usiku,
na kaka yangu Mihayo akiuliza
kama hicho kioo kimeshaleta posa.

Usiku wa tatu nikaliona tobo,
dogo kuliko la mchwa,
mstari wa mia nne na kitu.
Umeme ukakatika.
Nikalinakili kwa kichwa, gizani,
mgongoni mwa risiti ya unga,
nikalala nayo chini ya mto kama hirizi.
Asubuhi nikatuma mistari kumi na mmoja.

Akajibu mtu aitwaye Ilmari,
sijui ni mume au mke:
Hicho kialama ni cha nini?
Hakiwezi kuondolewa tu?

Kukiondoa unaweza, nikamwandikia.
Lakini ng'oa ni kazi ya kisiki, jembe na jasho.
Ondoa kialama, inabaki ngoa,
na ngoa kwetu ni wivu.
Chagua unachotaka kuhifadhi.

Siku kumi na sita, kimya.
Nikasema haya, ndio walivyo.
Nikarudi kwenye bahasha, nikahesabu upya,
nikakuta funza kwenye mbili.

Ya kumi na saba Ilmari akarudi na mzigo:
majina ya visiwa, ya mito, ya wake waliokusanya konokono,
mengine yana alama kichwani kama vilemba,
mengine yanaburuta mikia,
yote yaliyokuwa yakikatwa shingo
bila mtu kupiga yowe.
Jaribu na haya, akasema. Tafadhali.
Nikajaribu. Mawili yakaanguka. Nikarekebisha.
Yakapita yote, moja moja,
kama kondoo mlangoni pa zizi.

Mgeni njoo mwenyeji apone.
Wahenga walisema hivyo,
ila hawakusema, katika shughuli kama hii,
mgeni ni nani
na aliyekuwa anaumwa ni yupi.

Leo rekodi ya kwanza inasoma: Ng'ambo.
Mkusanyaji: Ng'wandu.
Nilitaka kumpigia mjane wake,
nikakosa pa kuanzia. Nimwambie nini?
Kwamba mumewe amepata herufi zake?

Mama akauliza wamenilipa shilingi ngapi.
Nikamwonyesha orodha ya waliochangia,
watu sabini na wawili nisiowajua
na wa sabini na tatu, chini kabisa,
Kalunde Lung'wecha.

Hakuwa na miwani.
Alisogea, akakikunja kidole,
akakwangua ile ritifaa kwa ukucha
akidhani ni uchafu wa nzi.
Akapuliza. Akakwangua tena.
Haikutoka.